Faiba ilikatwa na lori, ikaungwa, sasa intaneti inakatakata: je, iungwe upya au nilipie kebo mpya?

"Habari mtaalamu. Niko Kihonda, Morogoro. Mwezi uliopita lori la mkaa lilikata kebo ya faiba inayovuka barabara kuja kwangu, kama mita 30 kutoka kwenye boksi la nguzoni. Kampuni ilituma kijana, akaongeza kipande cha mita kama kumi kwa kuwa ncha hazikufikiana tena. Hakuwa na mashine yoyote. Alitumia vichwa vya plastiki na kisu, akafunga kwa nailoni na gundi ya karatasi. Tangu siku hiyo intaneti hukatika mchana jua likiwa kali, na upepo ukivuma ndiyo kabisa, taa nyekundu inawaka. Kwenye ukurasa wa ruta nimeona nguvu ya mwanga ni -26.8 dBm. Zamani nilipiga picha ikisoma -20.9. Sasa wananiambia nilipie kebo mpya yote, mita 140. Jirani yangu fundi umeme anasema faiba ikishakatika ndiyo basi, kila kiungo kinapunguza spidi. Mwingine anadai ataiunga kwa gundi. Kuna njia sahihi ya kuunga, au nilipe tu? Nimeambatanisha picha za pale palipoungwa."

Ndugu yangu, pole kwa usumbufu. Picha zako nimezitazama muda mrefu kuliko nilivyoisoma barua, maana jibu karibu lote limo mle. Unachotaka kujua ni kama faiba iliyokatika inaungika ikawa kama nzima, na kama inaungika, mbona yako inasumbua. Inaungika. Ya kwako iliungwa ikiwa na kasoro mbili, moja naiona kwa macho na nyingine naikisia, na sioni sababu ya kununua mita 140.

Tuanze na jirani. Fundi umeme ana haki ya kuchukia viungo: waya wa shaba uliosokotwa ovyo hupata joto, huota kutu, na siku moja huunguza nyumba. Hofu hiyo ameihamishia kwenye faiba. Lakini mwanga unaofika sebuleni kwako umepita kwenye viungo vingi kabla haujaiona Kihonda. Mkongo wa ardhini huletwa ukiwa umeviringishwa kwenye magurudumu ya mbao, mara nyingi kilomita 4 au pungufu kila gurudumu. Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Piga hesabu mwenyewe: viungo karibu hamsini njiani kwa kila uzi, bado vya mjini. Baharini ni hivyo hivyo. Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika na sisi huku tukashinda tunaangalia kiduara kinazunguka kwenye simu, ufumbuzi haukuwa kutandika mkongo mpya. Meli huvua ncha moja, kisha ya pili, na kwa kuwa mkongo uliolala sakafuni mwa bahari hauwezi kuvutwa pande zote mbili hadi juu ukakutana, huongezwa kipande katikati na kuungwa huku na huku. Ndicho alichofanya yule kijana kwa kipande chake cha mita kumi. Wazo lilikuwa sahihi kabisa. Kilichomwangusha ni vifaa na mikono.

Kuhusu spidi, hapo ndipo wengi wanapopotoka. Kiungo hakipunguzi spidi kama bomba lililobanwa linavyopunguza maji. Kinachopungua ni mwangaza, na kifaa chako kinachotaka ni kuona tu mwanga umewaka au umezima. Ukiwa mkali au hafifu, mradi kinauona, utapata spidi yako ileile. Vifaa vingi vya majumbani vya mfumo wa GPON, ule wa faiba moja kugawiwa nyumba nyingi, vimehakikishiwa kuona mwanga hadi -27 dBm hivi, yaani nguvu ya mwanga kwa kipimo cha desibeli. Ile alama ya kutoa isikuchanganye: kadiri namba iliyo mbele yake inavyokua, ndivyo mwanga unavyofifia. Zamani ulikuwa -20.9, una nafasi ya kutosha. Sasa uko -26.8, yaani umesimama ukingoni kabisa, umebakiza desibeli 0.2. Hapo makosa ya kusoma huongezeka, data hurudiwa kutumwa, wewe unaona "spidi imeshuka", na pakitikisika kidogo tu kifaa hakioni kitu, taa nyekundu inawaka.

Tofauti ya namba zako mbili ni desibeli 5.9. Kila desibeli 3 ni nusu ya mwanga imekwenda, kwa hiyo ruta yako leo inapata kama robo tu ya mwanga iliokuwa ikiupata kabla ya lori. Viungo viwili vizuri havina ubavu wa kula robo tatu. Lazima kuna jambo.

Ili ulielewe, ingia nami ndani ya ile kebo. Ukitoa plastiki nyeusi na ule waya wa chuma wa kujishikilia, unakuta uzi mmoja mwembamba wenye rangi. Ukiparua ile rangi inabaki kioo tupu, unene mikromita 125. Mwanga hata hivyo haupiti kwenye kioo chote. Unapita katikati, kwenye kiini cha kama mikromita 9, wembamba ambao unywele wa kichwa chako ni gogo mbele yake. Kuunga faiba ni kukitazamanisha kiini hiki na mwenzake, uso kwa uso. Vikipishana kwa mikromita 3 tu, karibu theluthi ya mwanga inamwagika pembeni. Na kama kati yao pamebaki hewa, kila mara mwanga unapotoka kwenye kioo kuingia hewani, au kutoka hewani kuingia kwenye kioo, karibu asilimia 4 inarudi ulikotoka, kama unavyojiona kwenye kioo cha dirisha usiku. Kwa hiyo huyo wa gundi mshukuru na umuage. Gundi ipo kwenye kazi zetu, viwandani huitumia kushikilia uzi ndani ya kichwa cha konekta, lakini haikai kwenye njia ya mwanga, na baada yake uso husuguliwa hadi ung'ae. Hakuna mkono wa binadamu unaolenga mikromita 9 kwa jicho tupu.

Sasa rudi kwenye picha yako ya pili, ile uliyoipiga ukiwa juu ya ngazi. Kiungo cha kushoto kina vichwa viwili vya kijani. Kile cha kulia kina kichwa cha kijani upande mmoja na cha bluu upande wa pili, vyote vimesukumwa kwenye adapta moja. Hiyo ndiyo kasoro ninayoiona. Rangi zile si urembo. Kichwa cha bluu uso wake umesuguliwa ukawa mraba na njia ya mwanga. Cha kijani kimesuguliwa kwa mshazari wa digrii 8, makusudi, ili mwanga unaogonga na kurudi uelekezwe pembeni usimsumbue anayeutuma. Bluu kwa bluu zinakaa, kijani kwa kijani zinakaa. Ukizichanganya, zinaingia vizuri tu na kutoa ule mlio wa "ta!" unaomfurahisha fundi, lakini ndani nyuso zimegusana ukingoni na kubakiza ufa wa hewa kama kabari. Kosa hili peke yake linaweza kukunyang'anya desibeli 3, 4, hata zaidi. Nimelikuta majumbani, ofisini, na mara moja kwenye kabati la mitambo la watu waliopaswa kujua, ambao sitawataja.

Kasoro ya pili ninayoikisia imo ndani ya vichwa vyenyewe. Mafundi tunaviita fasti konekta, kwa sababu huvalishwa palepale bila mashine. Aina iliyo bora ina kipande kifupi cha faiba kilichosuguliwa kiwandani. Uzi wako unakatwa, unasukumwa kutoka nyuma, unakutana na kile kipande ndani ya tone la gel. Gel hiyo imechaguliwa mwanga upite ndani yake karibu sawa na ndani ya kioo, ili ile asilimia 4 isirudi. Maana yake ni kwamba kila fasti konekta ya aina hiyo ina kiungo kingine kimejificha tumboni. Wewe umehesabu viungo viwili. Mimi nahesabu vinne vya ndani na viwili vya uso kwa uso, jumla sita. Na kama alikata kwa kisu kama unavyosema, basi ncha hazikuwa bapa. Kioo cha faiba hakikatwi kwa kukereza. Hukwaruzwa kidogo kwa kikatio chenye gurudumu gumu, kisha huvunjwa kwa kuvutwa, kikaachia uso ulionyooka, ukikosea isizidi digrii 1. Kisu huacha meno.

Kutoka hapo jua na upepo havina fumbo tena. Plastiki na waya wa chuma hurefuka kwa joto la mchana, uzi unateleza kidogo kwenye kile kibanio, ufa unapanuka. Upepo unaifanya kebo ibembee, na kiungo chenyewe kinaning'inia juu ya barabara kikibeba uzito. Ungekuwa na akiba ya desibeli 6 usingejua hata kama kuna jua.

Nisiwe mkali mno kwa fasti konekta. Nimevalisha mamia, na nyumbani kwangu ipo moja nyuma ya televisheni. Ndani ya nyumba, ukutani, pasipovutwa na chochote, ikikatwa vizuri, hupoteza desibeli 0.3 hivi na mambo yanaenda. Kipo pia kiungo cha kubana, kijibomba kidogo chenye mfereji na gel ndani, ncha zinaingia huku na huku na kufungwa. Mikono mizuri hupata desibeli 0.1 hadi 0.3. Usiku wa manane, mteja ni zahanati, mashine iko wilaya nyingine: unakitumia na kumshukuru Mungu. Ila juani, juu ya barabara ya malori, vyote viwili ni bandeji.

Njia ya kudumu ni kuunga kwa moto. Mashine yake ina ukubwa wa kijisanduku cha chakula cha mtoto wa shule. Unalaza ncha mbili kwenye mifereji, unafunga kifuniko, na kwenye skrini zinatokea kama magogo mawili yanayotazamana. Injini ndogo ndani yake zinayasogeza juu, chini, mbele, hadi yanyooke. Kwanza inapita cheche fupi kuchoma vumbi, kisha sindano mbili zinarusha cheche kubwa, kioo kinalainika kama nta na ncha zinasukumwa zikazama moja ndani ya nyingine. Sekunde chache, basi. Kioo kimekuwa kimoja, hakuna hewa, hakuna gel. Kiungo kizuri hupoteza desibeli 0.02 hadi 0.05. Hiyo 0.05 ni kama asilimia 1 ya mwanga, sawa na unachopoteza kwa kupita kwenye mita mia na hamsini au mia mbili za faiba nzima isiyo na kiungo. Mwambie jirani.

Mashine ikija, kaa karibu utazame. Fundi mzuri haogopi macho. Kitu cha kwanza kabla hajagusa kitu ni kuuvika uzi slivu, ule mrija mwembamba wenye kijiti cha chuma, kwa sababu ukishaunga hauna tena pa kuupenyeza. Mwaka wangu wa kwanza niliunga mkongo wa nyuzi 24 ndani ya shimo la barabarani, usiku, tochi mdomoni. Nimefika uzi wa kumi na saba, naona kiungo kizuri, nauchukua niuingize kwenye jiko la mashine, slivu yake iko mfukoni. Nilikata nikaanza upya, na tangu siku hiyo slivu huzishika kabla hata ya kusalimia.

Akishavika, ataparua, atapangusa kioo kwa spiriti kali isiyo na maji hadi utasikia kinalia kwa kukwaruza kitambaani, ndipo atakata. Akishakata asipanguse tena wala kukigusa; akikigusa, aanze upya, usimwonee haya kumwambia. Baada ya cheche, slivu inasogezwa juu ya kiungo na kuchomwa ikakaza, kisha uzi unalazwa ndani ya boksi kwa mzunguko mpana. Kuukunja kwa pembe kali kunamwaga mwanga hata kama kiungo ni kizuri ajabu. Faiba za kisasa za majumbani huvumilia mzunguko wa nusu kipenyo cha milimita 10 au chini yake, za zamani huanza kulalamika mapema zaidi. Kwenye picha yako ya kwanza naona kebo imezungushwa kwenye msumari. Ahamishe hiyo pia.

Mashine itaandika namba, mathalani 0.02. Namba hiyo ni makadirio tu, mashine imetazama picha ya kiungo ikakisia. Ukweli unatoka kwenye pawa mita. Apime mwanga pale boksi la nguzoni, kisha aje apime kwenye ncha ya sebuleni. Mita 140 zenyewe hazifiki hata desibeli 0.05, ongeza kiungo au viwili vya moto na konekta ya mwisho, jumla isizidi desibeli 1. Ikizidi hapo, kazi haijaisha, hata kama intaneti imeshawaka.

Tuje kwenye pesa. Kebo mpya ya mita 140 haikupi njia isiyo na viungo, kwa kuwa ncha zake mbili nazo lazima ziungwe au zivalishwe konekta. Faida yake ni kwamba hakuna kitu katikati. Ingekuwa ni lazima endapo lori liliivuta kebo yote hadi ikapasua ganda sehemu nyingine, au maji yameingia, au uzi umenyooshwa ukapata nyufa usizoziona. Hilo hupimwa, halikisiwi: waambie waje na OTDR, kifaa kinachotuma mdundo wa mwanga na kusikiliza unavyorudi, kikaonyesha kila hitilafu iko mita ya ngapi. Kwa umbali mfupi kama wako hata ile kalamu ya mwanga mwekundu inasaidia. Penye ufa, gizani, ganda nalo likiwa limepasuka, utaona kebo inawaka kama kaa.

Kama sehemu iliyobaki ni nzima, mimi ningefanya jambo la katikati ambalo naona hakuna aliyekutajia. Ondoeni kile kipande cha mita kumi pamoja na vichwa vyake vyote vinne. Vuteni kebo mpya kutoka boksini hadi kwenye nguzo ya kwanza upande wako wa barabara, kama mita 50, na pale nguzoni iungwe kwa moto mara moja, ndani ya kijiboksi kilichofungwa, waya wa chuma ukiwa umefungwa kwenye ndoano ili uzito ubebwe na chuma na kioo kisijue. Unakuwa na kiungo kimoja katikati badala ya sita, na hakuna kinachoning'inia juu ya barabara.

Kabla ya kulipa hata hiyo, soma mkataba uone kebo hadi ndani ya nyumba ni mali ya nani. Mara nyingi ni ya kampuni. Kisha wapelekee kwa maandishi namba zako mbili, -20.9 na -26.8, pamoja na ile picha ya kijani na bluu. Mtu wa huduma kwa wateja huenda asielewe, lakini akimpelekea mhandisi wao, yule ataona aibu mwenyewe. Wakikupuuza, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hupokea malalamiko ya watumiaji, ila watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa kampuni, kwa hiyo tunza ushahidi.

Wewe mwenyewe usipande tena ile ngazi. Ule waya wa chuma ndani ya kebo unapitisha umeme kama waya mwingine wowote, na kama nguzo hiyo ina nyaya za umeme za TANESCO, kebo iliyolegea ikigusa juu wewe uliyeishika chini ndiye utakayejua. Ukiikuta imeanguka, ipigie kampuni simu na uwazuie watoto. Usichungulie ncha ya faiba hata kama unaona giza tupu, mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini jicho linaupokea. Na ukikuta vipande vya kioo vilivyobaki baada ya fundi, viokote kwa gundi ya karatasi, usivipanguse kwa kiganja. Kikiingia jichoni, usisugue, nenda hospitali.

Ukitaka kupata nafuu wakati unasubiri, mwombe fundi yeyote wa faiba aliye karibu akubadilishie kile kichwa cha bluu kwa cha kijani. Ni kazi ya dakika kumi, na sitashangaa ukiiona namba ikirudi hadi -23 siku hiyohiyo. Na wakija kuvuta kebo mpya, simamia urefu wa pale barabarani. Lile lori la mkaa bado linapita.